Jukwaa la Mashariki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwalimu Veronica, ulipohamia Dar es Salaam uliniachia daftari hili ukaniambia niliandike masika yote, kisha nikutumie ulisome wewe mwenyewe. Basi naanza leo, na naahidi kusema yote: yanayonipendeza na yanayoniaibisha, na hata yale ambayo mama akiyasoma atasema sina adabu. Sitapamba. Ulishaniambia kwamba sentensi iliyopambwa mno ina kitu inachokificha.

Habari ya leo ni kubwa. Kwenye paredi Mwalimu Wilbroad, mkuu wetu wa shule, alisimama mbele na suti yake ya kijivu, akanyamaza mpaka kidato cha kwanza wakaacha kukohoa. Kisha akatangaza kwamba kuna tamasha la michezo ya wasichana Dar es Salaam mwanzoni mwa mwezi wa tano, na kikundi chetu cha ngonjera kimealikwa kuuwakilisha Mkoa wa Manyara. Alisema, "Wasichana hawa watapanda jukwaani, katika uwanja mkubwa kabisa wa nchi hii." Shule nzima ikapiga makofi. Rahma alinishika mkono akanifinya mpaka nikaumia.

Sisi, wa kutoka Babati, tupande jukwaani! Nimeandika alama ya mshangao. Nisamehe, sitairudia ovyo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mazoezi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua ilipoacha tulienda kiwanjani. Unakikumbuka kiwanja chetu cha mpira wa pete, nyuma ya madarasa, upande wa barabara ya kwenda Nangara. Udongo wake mwekundu tuliusawazisha wenyewe kwa majembe tulipokuwa kidato cha kwanza, na nguzo za goli zilitengenezwa na baba yake Hope, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Leo tumekuta vigingi vimepigwa kutoka goli moja hadi jingine, na kamba ya manjano imefungwa juu yake. Hope, mfungaji wetu, hakuiona akajikwaa, akakaa matopeni akicheka. Mimi sikucheka. Madam Zawadi, mwalimu wetu wa michezo, aliinua kamba tupite chini yake kana kwamba ni kamba ya kuanikia nguo. Nilipomuuliza alisema bodi ya shule imeamua kujenga fremu za maduka, kwa kuwa pale ni kando ya barabara. Nikauliza sisi tutacheza wapi. Akasema tutatumia kiwanja cha mpira wa miguu wavulana wakiwa hawakitumii.

Mwalimu, wewe ulikaa shule hii miaka minne. Uliwahi kuona siku ambayo wavulana hawakitumii?

Ijumaa, 14 Machi

Mimi na Rahma tumeamua. Ngonjera tutakayoisema Dar es Salaam haitakuwa ya kusifu michezo kwa jumla, kama ile tuliyoshinda nayo mkoani. Itakuwa ya kiwanja chetu. Upande mmoja ni wasichana, mwingine ni wakubwa wenye mipango. Mgeni rasmi ataisikia, watu wa televisheni wataisikia, na huku Babati atakayethubutu kumwaga zege juu ya kiwanja ambacho nchi nzima imekisikia nani?

Rahma amefunga, huu ni mwezi wa Ramadhani, na koo linamkauka kabla ya saa tisa. Hope anamwambia, "We Rahma, ukisema ubeti mrefu hivyo halafu ukameza mate, funga si imeharibika?" Rahma akamjibu kwamba kinachoharibu funga ni kukaa karibu na mtu kama Hope. Hope ndiye tuliyempa nafasi ya wakubwa. Anaweka mikono nyuma, anavuta tumbo, anatembea hatua mbili na kusimama. Ni Mwalimu Wilbroad mtupu, ingawa anaapa hakukusudia.

Ubeti wa sita ndio nilioutaabikia kuliko wote. Nauandika hapa usahihishe ukiona kosa:

Mwatuambia tucheze, tuwe na afya imara,
Kiwanja mkigeuze, kiwe mali ya tijara,
Tukitaka tuulize, mwasema tuna papara,
Wakubwa mtueleze: tuchezee barabara?

Madam Zawadi aliusikiliza, akatazama dirishani, akasema mizani imetimia. Hakusema neno jingine.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nilikwenda kwa akina Rahma, Bagara, na mama alinifungia mkate wa kumimina nisiende mikono mitupu. Baba yake Rahma, Mzee Luqmani, alikuwa barazani na kanzu mpya. Nilimwamkia shikamoo akaitikia marahaba, halafu akaniuliza kama ni kweli tutaonekana kwenye televisheni. Nikasema ndiyo. Akasema siku hiyo atatoa televisheni ya dukani aiweke nje ili Bagara nzima imwone binti yake akisema mbele ya watu. "Mimi sikuwa nataka," alisema. "Mtoto wa kike na kipaza sauti, nilikuwa naona haya. Lakini uwanja wa taifa si mchezo."

Rahma aliinamisha kichwa kwenye sahani ya pilau. Hajawahi kumsikia baba yake akimsifu, hata kwa kuzungukazunguka hivyo.

Jumatano, 9 Aprili

Mama yake Rahma ametupima. Atatushonea magauni ya kitenge cha rangi moja, na vilemba. Praygod, kaka mkuu, ametupita tukiwa foleni akasema tusisahau kumsalimia mgeni rasmi kwa niaba ya wanaume wa Babati ambao hawakualikwa. Hope akamjibu, "Tutamwambia mpo, mnatumia kiwanja."

Alhamisi, 17 Aprili

Lori limemwaga kokoto kwenye pembe ya kiwanja. Hakuna aliyetuuliza. Tulikuwa katikati ya mazoezi, dereva akapiga honi tukamzibia njia, akatoa kichwa akasema, "Mabinti, mimi nimetumwa tu." Kila mtu katika jambo hili ametumwa tu. Natamani siku moja nikutane na yule anayetuma.

Tumeendelea na mazoezi upande uliobaki. Mvua ikatukuta, hatukukimbia.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Nimesema beti zote mbele ya mama akichambua mchele, sikukosea hata neno. Aliniambia nisimkazie macho mgeni rasmi nikifika ubeti wa sita.

Alhamisi, 1 Mei

Tumesafiri kutwa, tukapitia Kondoa, Dodoma na Morogoro. Mwalimu Wilbroad amekaa mbele karibu na dereva, suti mpya ya bluu imetundikwa juu ya kichwa chake ndani ya mfuko wa nailoni, akiishika kila gari lilipopiga kona. Aliwaambia walimu wenzake ameelezwa kwamba wakuu wa shule watakaa karibu na mgeni rasmi. Tumelala kwenye bweni la shule moja ya Temeke. Joto.

Ijumaa, 2 Mei

Leo tumetembezwa. Kwanza tumeuona uwanja mkubwa kwa nje, na sikuwa nimejua kwamba jengo linaweza kukaa kama sufuria lililofunikwa nusu. Kisha tukaingizwa kwenye ukumbi wa michezo ya ndani. Mwalimu, kumbe mpira wa pete unachezewa ndani ya nyumba, juu ya sakafu ya mbao. Mistari imechorwa kwa rangi, haifutiki mvua ikinyesha. Hope alivua viatu bila kuambiwa, akatembea taratibu mpaka chini ya goli, akasimama hapo na mikono kiunoni. Tulipomuita akasema tumwache kidogo.

Mchana tukapelekwa kwenye jumba la sinema, ambako tulionyeshwa viti tu, filamu haikuwepo. Halafu kwenye bwawa la kuogelea lenye ngazi za watazamaji pande zote mbili. Kila mahali mtu wa kututembeza alitaja idadi ya viti kwa fahari, na mimi kila mahali nilianza kukasirika kidogo. Sikukasirika kwa kuwa wanavyo. Nilikasirika kwa kuwa sisi tulikuwa na nguzo mbili na udongo, na hata hivyo vimeonekana vingi.

Rahma ananiambia niitunze hasira hiyo kwa ajili ya kesho.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika kwa utaratibu, jinsi ulivyonifundisha, cha kwanza kwanza.

Saa mbili asubuhi tulikuwa langoni, magauni yetu ya kitenge, vilemba vimekaa vizuri. Mwalimu Wilbroad alikuwa na suti ya bluu na tai. Dada mmoja wa waandaaji, mwenye redio ya upepo mkononi, alikuwa akizielekeza shule. Madam Zawadi alimwendea akamwambia, "Sisi ni wasichana wa ngonjera kutoka Babati." Yule dada akatazama karatasi yake.

"Babati. Ninyi jukwaani."

"Ndiyo, jukwaani," akasema Madam Zawadi, akitugeukia kwa furaha.

"Jukwaa la mashariki. Chukueni fulana hapo, mvae juu ya nguo zenu."

Wote wawili walikubaliana kabisa, Mwalimu. Kila mmoja alisema jukwaani, na kila mmoja alielewa.

Tukapewa fulana za zambarau zenye jina la kinywaji. Tulidhani ni za zawadi. Tukapanda ngazi, tukapanda tena, tukatokea mahali palipojaa viti, na mbele yetu majani ya kijani yaliyonyolewa kama kichwa cha mtoto. Chini kabisa, ng'ambo, kulikuwa na jukwaa jingine lenye zulia jekundu na vipaza sauti. Rahma akaniambia tumewekwa hapa tungoje zamu, kisha tutaitwa tushuke. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Akaja kaka mmoja na kipaza sauti cha mkononi. Kila mtu akapewa kadi kubwa, upande mmoja zambarau, upande mwingine nyeupe. Alitufundisha: akisema moja tuinue zambarau, akisema mbili tugeuze nyeupe, akisema tatu tukae. Shule za mikoa mingine zilikuwa zimetuzunguka, wasichana pekee, wote wa zambarau. Tulikuwa rangi. Tumeletwa kutoka Babati tuwe rangi ili kamera ikipita viti visionekane vitupu.

Nilimfuata Mwalimu Wilbroad. Alikuwa amekaa mwisho wa safu, na fulana ya zambarau juu ya suti yake mpya, ndogo kwake, tai imechomoza shingoni. Nikamuuliza tunashuka saa ngapi.

"Kushuka kwenda wapi?"

"Jukwaani, Mwalimu."

Alitazama lile zulia jekundu, halafu kadi iliyokuwa mapajani mwake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Aikande, nilisema mtapanda jukwaani. Si mmepanda?"

Wasichana wa safu ya nyuma, wa shule nyingine, walisikia wakacheka. Nikarudi kwenye kiti changu.

Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa nikiinua na kushusha kadi. Lugha yetu imempa neno moja anayetazamwa na anayetazama. Anayesema yuko jukwaani, na anayenyamazishwa yuko jukwaani. Sina ugomvi na lugha. Nina ugomvi na mtu mzima ambaye amegundua kosa, akaona neno lina vyumba viwili, akaingia kujificha katika kile cha pili na kutuacha sisi nje.

Maana aligundua palepale, nina hakika. Hakuwa akijua kabla. Mtu anayejua hashoni suti.

Na bado sijafika kwenye lililoniuma zaidi. Saa sita wakatangaza ngonjera. Rahma akasimama. Alisimama kweli, akaanza kuvua fulana, kilemba kikavutika. Chini, kwenye zulia jekundu, wakapanda watoto wa shule moja ya hapa mjini, wanane, nguo nyeupe. Wakatoa karatasi mifukoni wakasoma. Walisoma, Mwalimu! Ngonjera ya kusoma karatasini, pande mbili zinasomeana kama tangazo la mkutano, na mmoja akaruka mstari akarudia. Ilikuwa inamsifu mfadhili. Watu wakapiga makofi. Kaka wa kipaza sauti akasema "moja", na shule zote zikainua zambarau, na Rahma alikuwa bado amesimama, kadi yake ameiacha kitini, kwa hiyo yeye peke yake hakuinua kitu.

Alikaa. Hakulia. Aliuliza tu, "Baba ameshatoa televisheni nje, sivyo?"

Madam Zawadi alikuwa nyuma yetu. Nilitaka aseme kitu chochote, hata cha uongo. Alimfunga Rahma kilemba upya, akakikaza, akaacha mikono yake pale mabegani mpaka tamasha likaisha.

Jumapili, 4 Mei

Ratiba ilisema leo ni ukumbi wa maonyesho, na hakuna aliyetaka kwenda. Hope alisema amechoka kuonyeshwa viti. Tukapelekwa.

Ni ukumbi wa zamani upande wa mjini, wenye pazia zito la rangi ya damu ya mzee. Msimamizi wake ni kaka aitwaye Mosi, mwembamba, mcheshi. Alitueleza habari za taa na kamba, kisha akasema wageni wote huwaruhusu kupanda wajaribu sauti, maana ukumbi huu husikika mpaka nyuma bila kipaza sauti.

Hakuna aliyejongea. Mwalimu Wilbroad alikuwa amekaa safu ya tatu, peke yake, suti ya kijivu, akijipepea kwa ratiba.

Rahma ndiye aliyepanda wa kwanza. Nami nikamfuata, na wengine wakafuata, tukajipanga pande mbili kama tulivyojipanga kiwanjani huku tukikanyaga kokoto. Hope akaweka mikono nyuma na kuvuta tumbo. Kaka Mosi akawasha taa moja.

Tuliisema yote. Sijui nikwambieje, Mwalimu. Tulizoea kushindana na mvua na magari, na pale kila neno lilitoka likaenda likakaa kwenye kiti. Viti vilikuwa vitupu, lakini vilitazama kwetu. Hope alipotembea hatua mbili na kusimama, Madam Zawadi akaziba mdomo kwa kanga. Na mimi nilipofika ubeti wa sita nilikumbuka alichosema mama, kwamba nisimkazie mgeni rasmi macho. Mgeni rasmi hakuwepo. Alikuwepo Mwalimu Wilbroad. Nilimkazia yeye.

Tuchezee barabara?

Ratiba ilisimama mkononi mwake. Alikuwa hajawahi kuisikia hata mara moja, hilo nililiona. Alitutangaza mbele ya shule nzima, akatusafirisha nusu ya nchi, na hakuwahi kuuliza tunasema nini.

Tulipomaliza, kaka Mosi alipiga makofi, na Madam Zawadi, na dereva wetu aliyekuwa mlangoni. Mwalimu Wilbroad aliikunja ratiba. Kisha akasema, "Sauti zinafika," akamgeukia kaka Mosi na kumuuliza ukumbi unaingiza watu wangapi.

Jumatatu, 5 Mei

Tumerudi. Kuanzia Kondoa mvua ilitupokea.

Alhamisi, 8 Mei

Mzee Luqmani aliwaambia majirani mitambo ilikatika kabla zamu yetu haijafika. Kwa kweli walikaa nje ya duka toka asubuhi na wakaona zambarau tu. Rahma anasema baba yake hajamlaumu, na kwamba angefurahi kama angemlaumu.

Kuna jingine ameniambia, na ameniambia mwenyewe kabla sijalisikia kwa watu. Baba yake ameomba fremu. Ile ya mwanzo, inayotazama barabara. Aliomba tangu mwezi wa pili, na Rahma alijua baada ya Idi.

Tulikuwa tumekaa juu ya rundo la kokoto. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba amekuwa akisema beti zangu huku kwao wakipanga rafu za duka. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Beti ni zetu, Aikande, si zako. Na mimi nikizisema zinanigharimu. Wewe zinakugharimu nini?"

Nilishuka kwenye kokoto nikaenda nyumbani na swali lake. Nimekaa nalo jioni nzima. Miezi yote hii nilidhani mimi ndiye mwenye hasira na yeye ananisindikiza.

Jumanne, 13 Mei

Tumeitwa ofisini kwa mkuu: mimi, Rahma na Hope. Nilitegemea fimbo.

Alitukaribisha viti. Alisema amekuwa akiifikiria ngonjera yetu tangu kule ukumbini, na kwamba hajasikia ngonjera nzuri kama ile tangu aanze kazi. Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu mgeni rasmi anakuja kuweka jiwe la msingi la fremu. Kutakuwa na jukwaa, turubai, kipaza sauti na wazazi wote. Akatutazama mmoja mmoja akasema, "Na safari hii ninaposema jukwaa, namaanisha jukwaa." Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi. Nimeipima mara nyingi na bado naiona pungufu.

Halafu akatueleza kuhusu fremu, na lazima nikwambie kwa haki: kodi yake itaezeka upya maabara, ambayo mvua ikinyesha tunahamisha meza. Hilo ni kweli. Meza nimezihamisha mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini zisijengwe upande wa kiwanja cha wavulana, nacho pia kinagusa barabara kule mbele. Akasema kiwanja kile kina historia.

Kisha akafika alikokuwa akienda. Alisema ngonjera yetu haijakamilika. Ngonjera, alisema, ni malumbano ya pande mbili ambayo huishia kwenye makubaliano, kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua hivyo, na yetu inaishia kwenye swali. Ametusaidia. Ametunga ubeti wa mwisho, wa upande wa wasichana, niuseme mimi:

Tumekubali wazazi, fremu ni maendeleo...

na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Mwalimu Veronica, nimeuhesabu kwa vidole mara tatu. Mizani imetimia, vina vimekaa. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Laiti angetunga vibaya ningekuwa na la kusema.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imepungua. Wameng'oa nguzo za goli, na baba yake Hope amekuja na mkokoteni kuzichukua. Alimwamkia Mwalimu Wilbroad kwa heshima, wakapeana mikono. Hope alizishika nguzo upande wa pili mpaka nyumbani kwao Singe.

Jumapili, 18 Mei

Jioni hii nafunga daftari, kwa sababu kesho asubuhi baba yake mdogo Rahma, Tariq, anakuja Dar es Salaam kuchukua mzigo wa duka, na amekubali kukuletea mkononi. Anarudi Alhamisi. Jiwe linawekwa Ijumaa.

Mambo yalivyo ni hivi. Mama anasema niuseme ubeti wa mkuu wa shule, nimalize kidato cha nne salama, kwamba shule ni ya kupita. Nampenda mama yangu, na najua ameshapita sehemu nyingi kwa namna hiyo. Hope anasema tupande, na tukishafika juu tuishie pale tulipoishia sisi, "halafu tuone nani atapanda kutushusha mbele ya mgeni." Rahma anasema atasema beti zake zote mbele ya baba yake, ambaye atakuwa amekaa safu ya mbele pamoja na waliopata fremu, lakini nikianza "tumekubali" yeye atashuka. Hakusema kwa kunitisha. Alisema kama mtu anayekwambia nyumba yao iko mtaa gani.

Madam Zawadi nilimkuta jana peke yake pale kilipokuwa kiwanja. Nilidhani ni mwoga, nimeliandika hilo kwa namna nyingi humu bila kulitaja neno lenyewe. Aliniambia alipinga kwenye kikao cha walimu tangu mwezi wa pili, alikuwa peke yake, na akaambiwa akiendelea atahamishwa. Ndiyo maana hakusema kitu tulipomwonyesha ubeti wa sita. Alituacha tuuseme. Sasa najua hiyo ilikuwa kazi yake kubwa kuliko zote, na mimi nilidhani ni kunyamaza.

Sikuulizi nifanye nini. Hilo ni langu, na nadhani Ijumaa miguu yangu itakuwa imeshajua. Nakuuliza la darasani. Mwalimu Wilbroad anasema ni kanuni, na mimi sitaki kuvunja kanuni kwa kutoijua. Nikiivunja nataka niwe naijua. Maktaba yetu nimeipekua, vitabu viwili vinasema hivyo na cha tatu hakisemi. Wewe ndiye uliyetufundisha, na wewe huna fremu wala bodi. Andika jibu hata kwenye kipande cha karatasi umpe Tariq, atakungoja kabla hajapakia mzigo: ngonjera ni lazima iishe kwa kukubaliana, au ni wakubwa tu waliozoea kukubaliwa?